Pankeki za ndizi: nje zinaungua, ndani bado mbichi. Nifanyeje?

MgeniWaJiko ameuliza:

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo kwa wengi wenu huenda ni dogo, lakini kwangu limekuwa kikwazo cha muda mrefu. Sina mazoea makubwa ya kupika, na ningependa sana kuweza kutengeneza pankeki za ndizi mwenyewe nyumbani, bila kutegemea ule unga uliokwisha kuchanganywa unaouzwa kwenye pakiti. Nimesoma maelekezo mengi, na karibu yote yanasema kuwa ni kazi nyepesi. Hata hivyo, matokeo ninayoyapata hayafanani na yale yanayoelezwa.

Ninachofanya ni hiki. Ninaponda ndizi mbili, ninaongeza yai, maziwa, unga wa ngano, bekingi pauda na vijiko viwili vikubwa vya sukari, kisha ninakoroga kwa nguvu mpaka rojo iwe laini kabisa isiyo na donge hata moja. Ninawasha moto mkubwa ili kikaango kipate joto upesi, ninamimina mafuta ya kutosha, na ninaanza kukaanga. Baada ya muda mfupi upande wa chini unakuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, ilhali katikati pamebaki pamelowa. Nikiikata ninaona ukanda wa rojo ambayo haijaiva, unaonata kwenye kisu. Na hata zile zinazoiva mpaka ndani si laini. Zinavutika mdomoni na zinahitaji kutafunwa sana.

Nimekutana pia na maelekezo ya aina nyingine, yale ya ndizi moja na mayai mawili bila unga wowote. Hizo ndizo zinazonivunja moyo zaidi, kwa sababu zinachanika kila ninapojaribu kuzigeuza.

Ningependa kujua kosa liko wapi hasa: ni kwenye ndizi, kwenye vipimo, au kwenye moto? Ndizi ziwe zimeiva kiasi gani? Na mtu ambaye jicho lake halijazoea atajuaje kwamba wakati wa kugeuza umefika? Tafadhali msinipe vipimo peke yake. Nielezeni na sababu, ili siku mambo yakienda kombo niweze kujirekebisha bila kuuliza tena.

Upawa amejibu:

Ndugu MgeniWaJiko, karibu sana. Umefanya vema kueleza kila hatua, maana maelezo yako yanatosha kabisa kuonyesha tatizo lilipo. Kwa maoni yangu, vyakula unavyochanganya havina kasoro. Kinachokusumbua ni moto, na baada ya moto ni ule ukorogaji wa nguvu.

Tuanze na moto, kwa kuwa ndio wenye uzito zaidi. Pankeki ya ndizi haivumilii joto kama inavyovumilia pankeki ya kawaida. Ndizi mbivu ina sukari yake yenyewe, tena nyingi, nawe umeiongezea vijiko viwili vikubwa. Na sukari ikigusana na chuma cha moto hubadilika rangi upesi. Wakati huohuo, takriban robo tatu ya uzito wa ndizi iliyomenywa ni maji, kwa hiyo rojo yako ina unyevu mwingi na katikati yake huchelewa kufikia joto la kuiva. Upande wa nje unawahi, upande wa ndani unachelewa, na kadiri moto unavyokuwa mkali ndivyo pengo hilo linavyozidi kupanuka. Dawa yake ni moto wa wastani unaoelekea kuwa mdogo, pamoja na subira ya dakika chache.

Weka kikaango juu ya moto huo kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kumimina chochote, na kikiwa kizito kipe muda zaidi. Kisha dondoshea tone la maji. Likitulia kimya, kikaango bado ni baridi. Likitoa sauti, likachemka na kukauka baada ya sekunde chache, unaweza kuanza. Likigawanyika kuwa vijitone vinavyokimbia huku na huko bila kukauka, joto limezidi kwa pankeki ya ndizi. Ondoa kikaango motoni kidogo na upunguze moto. Baada ya hapo kaanga pankeki moja ndogo sana, ya kijiko kimoja cha mezani, na uifunue chini baada ya dakika moja na nusu hivi. Ikiwa imekwisha kukolea rangi, punguza moto kabla ya kumimina nyingine. Hiyo ndogo ndiyo kipimo chako cha moto, kwa sababu majiko hayafanani na hakuna mtu anayeweza kukuambia kutoka mbali kitasa cha jiko lako kifike wapi.

Sasa ukorogaji. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukorogwa hushikana na kufanya nyuzi zinazoitwa gluteni. Katika mkate nyuzi hizo zinatakiwa, kwa sababu ndizo zinazoupa mkate umbo na nguvu. Katika pankeki ndizo zinazoleta ule uvutikaji ulioulalamikia. Kwa hiyo changanya vitu vikavu kwenye bakuli lake na vitu vya majimaji kwenye bakuli lake, kisha mimina majimaji juu ya vikavu na ukunje polepole kwa mwiko, ukitoa chini na kuleta juu, mpaka usione tena unga mkavu. Hapo acha. Vidonge vidogo vitabaki, na ninakusihi uviache. Funika bakuli kwa dakika 10; unga utaendelea kunywa maji wenyewe na vingi kati ya vidonge hivyo vitalainika bila kuguswa.

Vipimo ninavyopendekeza ni unga wa ngano gramu 200, bekingi pauda vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, chumvi robo kijiko cha chai, ndizi mbivu zilizomenywa gramu 240, yai moja, siagi iliyoyeyushwa au mafuta vijiko viwili vya mezani, na maziwa mililita 180. Usimimine maziwa yote kwa mara moja. Anza na mililita 150, na zilizobaki ziweke kando mpaka rojo imekwisha kupumzika. Ukiinua upawa, rojo inatakiwa ianguke polepole na ijitandaze yenyewe kwenye kikaango bila kusukumwa. Ikibaki imekaa kama kilima, ongeza maziwa kidogo. Ikikimbilia pembeni, ongeza kijiko kimoja cha unga. Kwa mililita 60 kila mara utapata pankeki 10 hadi 12, zenye upana wa sentimita 10 hivi. Sukari iache kabisa mara ya kwanza. Anayetaka utamu zaidi atamwagia asali juu yake zikiwa mezani, na huko asali haitaungua.

Kuhusu kugeuza, wengi husema tazama viputo. Ni kweli kwamba viputo vinapopasuka na kuacha vitundu visivyojifunga, upande wa chini umeiva. Lakini rojo ya ndizi ni nzito, na mara nyingi viputo vyake ni vichache au havionekani kabisa, kwa hiyo anayevisubiri peke yake anaweza kusubiri mpaka pankeki iungue. Tazama ukingo. Mwanzoni unang'aa kwa unyevu; ukifika wakati wake mng'ao unapotea na ukingo unaonekana mkavu, kiasi cha upana wa kidole kuelekea ndani. Pitisha mwiko bapa chini yake: ikiinuka bila kung'ang'ania, igeuze kwa mkono usiosita. Kwa moto niliouelezea, hiyo ni dakika 2 hadi 3 upande wa kwanza, na dakika 1 hadi 2 upande wa pili. Igeuze mara moja tu, na usiikandamize kwa mwiko, maana ukifanya hivyo unaitoa hewa yote iliyoiumua.

NdiziYaMadoa amejibu:

Ninakubaliana na Upawa, ila ningependa tuizungumzie ndizi yenyewe zaidi, kwa sababu maelekezo mengi yanaipita haraka.

Neno «ndizi mbili» si kipimo. Ndizi mbili ndogo zikimenywa zinaweza kuwa na gramu 160 kwa jumla, na mbili kubwa zikazidi gramu 300. Tofauti hiyo ni ya maji mengi sana katika bakuli dogo namna hii, na peke yake inatosha kuifanya pankeki ibaki imelowa katikati hata kama moto ni sahihi. Kama una mizani ya jikoni, pima ndizi baada ya kumenya. Kama huna, ziponde kwanza kisha zitie kwenye kikombe cha kupimia: kikombe kimoja cha mililita 240 kikijaa, umekaribia sana zile gramu 240 alizozitaja Upawa.

Kuhusu kuiva, chagua ndizi ambayo ganda lake ni la njano lenye madoa mengi ya kahawia, na ambayo ukiibonyeza kwa kidole inabonyea bila kupasuka. Ndizi changa ina wanga unaofikia takriban asilimia 20 ya uzito wake, na inapoiva sehemu kubwa sana ya wanga huo hugeuka kuwa sukari. Ndiyo maana ndizi ambayo bado ina ukijani kwenye kikonyo haipondeki vizuri, haina harufu, na huacha ukavu fulani mdomoni hata baada ya kukaangwa. Ukizihitaji ziive mapema, zifungie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na tufaha lililoiva. Matunda hayo hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huharakisha kuiva, na mfuko huizuia isitawanyike. Ganda likiwa limekwisha kuwa jeusi lote bado ndizi inafaa, mradi ndani haina ukungu wala harufu ya uchachu. Hiyo itakuwa tamu mno na yenye majimaji zaidi, hivyo punguza maziwa na upunguze moto kidogo tena.

Ziponde kwa uma kwenye sahani bapa, peke yake, kabla ya kuongeza kitu kingine. Ukizitia yai na maziwa kwanza vipande vinakukimbia chini ya uma, na hapo ndipo mtu anapolazimika kukoroga sana unga ukiwa tayari umeingia. Mimi huziacha na vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya njegere, maana vikiiva ndani ya pankeki vinakuwa laini na tamu, na mlaji anakutana navyo kimoja kimoja. Vikubwa kuliko hapo vinashika kwenye kikaango na kuungua.

Na tafadhali, kagua bekingi pauda yako. Chukua nusu kijiko cha chai, mwagia maji ya moto. Ikifoka mapovu kwa nguvu, iko hai. Ikitoa mapovu machache ya kivivu, hata ukikoroga kwa ustadi gani pankeki zako hazitaumuka.

KijikoBapa amejibu:

Nitajibu kuhusu zile za ndizi moja na mayai mawili, kwa kuwa wenzangu hawajazigusa.

Ndugu, usizihesabu hizo kuwa pankeki rahisi eti kwa sababu zina vitu viwili tu. Kwa mtu anayejifunza, ndizo ngumu zaidi. Hazina unga, kwa hiyo hakuna kinachozishikilia isipokuwa yai likishaganda, na yai hilo limebeba ndizi nyingi yenye maji. Zinachanika kwa sababu zinageuzwa kabla yai halijaganda, au kwa sababu ni kubwa kupita uwezo wake wa kujishikilia. Tumia vijiko viwili vya mezani vya rojo kwa kila moja, upana wa sentimita 7 au 8 usiuzidishe, kwenye kikaango kisichogandisha, kwa moto mdogo. Subiri mpaka uso wa juu uwe umeanza kuganda na si ukingo peke yake, kisha tumia mwiko mwembamba sana unaoweza kupita chini bila kusukuma. Ukiongeza kijiko kimoja au viwili vya unga wa shayiri utaona tofauti kubwa. Ladha yake, lakini, ni ya yai lililokaangwa lenye utamu wa ndizi, na anayetarajia pankeki ya kuumuka atasikitika hata zikifanikiwa. Anza na zile za unga, hizi zije baadaye.

Jambo la pili ni mafuta. Umesema unamimina mafuta ya kutosha. Pankeki haihitaji kuogelea: mafuta mengi huukaanga ukingo mpaka ukawa mgumu, na rangi ya uso huwa ya mabaka. Paka mafuta kidogo, kisha pitisha karatasi ya jikoni iliyokunjwa ili ibaki ngozi nyembamba tu inayong'aa, na urudie hivyo kila baada ya pankeki mbili au tatu. Siagi ina ladha nzuri zaidi, lakini ina chembe za maziwa ambazo huungua upesi na kugeuka nyeusi kikaangoni. Kwa hiyo siagi itie ndani ya rojo, na kikaango kipake mafuta ya kawaida ya kupikia.

MgeniWaJiko amejibu:

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimefuata vipimo vya Upawa, nikapima ndizi kwa kikombe kama alivyoelekeza NdiziYaMadoa, na tofauti ni kubwa mno. Rangi ni ya dhahabu, ndani pameiva, na nikiipasua kwa uma inaachana kwa urahisi bila kuvutika. Zile chache za mwisho ndizo zilizokolea kuliko za mwanzo, ingawa sikuugusa moto.

Nina maswali mawili zaidi. Asubuhi muda ni mfupi; je, ninaweza kuiandaa rojo usiku na kuihifadhi kwenye jokofu? Na je, nikiwa na mtindi badala ya maziwa, kuna jambo la kubadilisha? Kuna maelekezo yanayosema nitenganishe ute wa yai na kuupiga mpaka uwe povu, nami sijui kama hilo ni la lazima.

NdiziYaMadoa amejibu:

Mtindi unafaa sana. Una asidi, na asidi hiyo hukutana na soda ya kuokea na kutoa gesi papo hapo. Katika vipimo hivi, ondoa kijiko kimoja kati ya viwili vya bekingi pauda na badala yake utie robo kijiko cha chai cha soda. Usizidishe hapo, kwa sababu soda iliyokosa asidi ya kutosha huacha ladha ya sabuni na huifanya pankeki ikolee rangi kabla ya wakati. Mtindi mzito uzimue kwa maji kidogo mpaka ufanane na maziwa mazito, kisha kaanga mapema rojo ikishapumzika, maana gesi ya soda haisubiri.

Kuhusu kupiga ute, mimi hufanya hivyo na ninaupenda wepesi wake.

Upawa amejibu:

Ute wa yai uliopigwa huleta wepesi, sikatai, lakini kwa anayejifunza ningeuacha kwa sasa. Unaongeza chombo, unaongeza hatua, na ukiuchanganya vibaya povu lote linaisha, nawe hutajua kama kasoro imetoka kwenye ute au kwenye moto. Bekingi pauda ikiwa nzima, wepesi utakaoupata unatosha.

Zile za mwisho zilikolea kwa sababu kikaango huendelea kukusanya joto hata kama hujagusa kitasa. Punguza moto kidogo baada ya mzunguko wa pili au wa tatu, au kiondoe kikaango motoni kwa nusu dakika kila unapofuta mabaki.

Rojo kamili usiilaze usiku kucha. Sehemu ya gesi ya bekingi pauda hutoka mara tu inapolowa, na ndizi iliyopondwa hubadilika rangi kuwa ya kijivu ikikaa. Unachoweza kufanya usiku ni kuchanganya vitu vikavu vyote na kuvifunika, kisha kupima maziwa na kuyaweka kwenye jokofu. Asubuhi kinachobaki ni kuponda ndizi, kuvunja yai, kuyeyusha siagi na kukunja pamoja, kazi ya dakika chache. Na wakati rojo inapumzika, kikaango nacho kinapata joto. Usiionje rojo ikiwa mbichi, kwa sababu yai bichi na hata unga mbichi vinaweza kuwa na bakteria.

Kama asubuhi hakuna nafasi kabisa, kaanga siku ambayo una muda na uzigandishe. Zitandaze kwanza kwenye waya wa kupoezea, usizirundike zikiwa za moto, maana mvuke utazilowesha. Zikipoa kabisa, zipange ukitenganisha kila moja kwa kipande cha karatasi ya kuokea, zitie kwenye mfuko unaofungika, utoe hewa, na uziweke kwenye friza. Kwa miezi miwili bado zitakuwa nzuri. Kwenye jokofu la kawaida zihesabie siku mbili au tatu. Wakati wa kula, zitoe moja kwa moja kutoka kwenye friza na uziweke kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa, kwa moto mdogo, dakika 2 au 3 kila upande. Mfuniko ni muhimu, kwa sababu ndio unaoufanya mvuke uingie katikati kabla ukingo haujakauka.